Mkono wa Kummwagia Mariyamman

Mtu wa baraza la jiji alipiga hodi saa tatu asubuhi na akaingia bila kufuta viatu. Alikuwa amekuja kupima. Mtaa ule wa Balsall Heath, Birmingham, ulishahukumiwa: nyumba zimeoza, zinavunjwa, watu wanapelekwa maghorofani. Alipima sebule, akapima ngazi, akaandika kuhusu ukungu wa ukutani. Alipofika chumba cha nyuma, karibu na jiko, alisimama. Vigae vya sakafu vilikuwa vimeng'olewa kwa upana wa sinia la pilau, chini yake udongo mtupu, na juu ya udongo lilisimama jiwe jeusi, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Jiwe lilikuwa na macho mawili ya fedha na meno mawili ya shaba yaliyochomoza pembeni mwa mdomo. Lilivaa kitambaa chekundu na shada la ndimu.

"Nani kaivunja sakafu?" aliuliza kwa Kiingereza chake.

Jasumati alikuwa nyumbani kwa sababu zamu yake kiwandani ilianza mchana. "Mama mkwe wangu," alisema. "Huyu ni mungu wetu. Lazima akae juu ya ardhi."

Yule mtu alimtazama mungu, akamtazama mwanamke, akaandika. Kuhusu panya alikuwa ameandika mstari mmoja. Kuhusu sakafu aliandika nusu ukurasa.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Velu, mume wa Jasumati, aliisoma jioni akiwa bado na vumbi jeusi la kiwanda cha kuyeyusha chuma masikioni.

"Ghorofa ya tisa," alisema. "Vyumba viwili. Bafu liko ndani. Maji ya moto."

Nyumba ile ilisema Kiswahili. Velu alikuwa Mtamili aliyezaliwa Tanga, Jasumati Mgujarati wa Korogwe, na walipooana, jambo lililowaudhi watu wa pande zote mbili, hawakuwa na lugha nyingine ya kupendana wala ya kugombana. Ponnamma, mama yake Velu, alijifunza Kiswahili aliposhuka Tanga mwaka 1938 akiwa amemfunga mungu wake kifuani kwa sari kama mtoto mchanga.

"Na yeye?" Ponnamma aliuliza, akaelekeza kidevu chumba cha nyuma.

"Tutapanda naye kwenye lifti."

"Juu?"

"Juu, Mama. Ghorofa ya tisa iko juu."

"Basi chini yake kutakuwa na vyoo vinane."

"Na juu yake vinne," alisema Jasumati. "Jengo lina ghorofa kumi na tatu."

"Usimsaidie, Jasu," Velu alisema. "Mama, nitamwekea ndoo ya udongo."

"Mariyamman si ua la sebuleni."

Mariyamman ni mama wa ndui na mama wa mvua. Kule kusini mwa India kila kijiji kina wake, na hakai katika hekalu la minara. Hukaa pembeni mwa mashamba, juu ya udongo, chini ya mwarobaini, akiangalia nani anaingia kijijini na nani anatoka. Kila Ijumaa humwagiwa maji yaliyotiwa manjano na majani ya mwarobaini, na mkono wa kummwagia ni wa nyumba moja tu. Nyumba hiyo haikuchaguliwa na mtu na haiwezi kuuzwa. Mkono wa kijiji chao ulikuwa wa babu yake Velu, ukaja kwa baba yake, na baba alipokufa Tanga, Velu alikuwa kijana aliyeyaonea haya mambo hayo. Mkono ukawa wa Ponnamma. Alikuwa amemwaga maji kila Ijumaa kwa miaka ishirini na mbili. Aliumwa malaria akamwaga. Alifika Birmingham mabomba yakaganda kwa baridi, akayeyusha barafu jikoni akamwaga.

Sasa alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, na miezi miwili tu ya kutafuta ardhi kabla ya kuhama.

*

Ardhi ililetwa na daktari. Daktari Raghunathan alikuwa bingwa wa macho, anakaa Edgbaston, mtaa wa matajiri, na kabla ya hapo alifanya kazi Dar es Salaam miaka tisa. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kusini mwa India. Chama kilikuwa kimenunua kanisa dogo la zamani Moseley ili walifanye hekalu. Walikuwa na jengo, walikuwa na kuhani anayekuja kutoka Madras, walikuwa na siku ya kufungua, mwishoni mwa Julai. Hawakuwa na mungu. Sanamu waliyoagiza ilikuwa bado haijachongwa.

Alikuja Ijumaa, na hilo Ponnamma alilihesabu kuwa dalili njema. Alivua viatu mlangoni. Alikaa kwenye kiti kilichopasuka bila kukiangalia mara mbili. Velu, aliyekuwa amemvalia daktari shati la harusi, alipumua.

"Mama," daktari alisema kwa Kiswahili, ili Jasumati naye asikie, "Uingereza nzima hakuna jiwe kama hili. Limemwagiwa maji miaka mia mbili. Sanamu ya kuagiza ni kitu kipya, kama birika jipya. Huyu wenu ana nguvu."

"Nguvu anazo," alisema Ponnamma. "Ana masharti pia."

"Yaseme, Mama."

"Akae juu ya udongo. Mbao hataki."

"Tutaivunja sakafu ya kanisa. Bila shaka."

"Mwezi wake, kati ya Julai na Agosti, apikiwe uji wa ulezi, na watu wote wagawiwe, mpaka mpita njia."

"Bila shaka."

"Na mkono wa maji ni huu." Aliuinua mkono wake wa kulia. Ulikuwa mwembamba, na vidole vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha.

"Bila shaka, Mama. Bila shaka."

Ponnamma hakuridhika na maneno. Aliingia chumba cha nyuma, akaweka kipande cha kafuri juu ya sahani ya shaba, akakiwasha, akaja akasimama mbele ya daktari, mlango wa chumba cha Mariyamman ukiwa wazi nyuma yake. Kijijini kwao mtu akitaka kuapa hupeleka kiganja juu ya kafuri inayowaka mbele ya Mariyamman na kuizima. Akisema uongo baada ya hapo, macho yake ni mali ya mungu. Watu wamegawana mashamba kwa kiapo hicho bila karatasi, na mipaka haijahama.

Daktari alizaliwa Madras mjini. Kwake moto wa kafuri ni baraka: unapitisha viganja juu yake, unajigusa macho. Ndivyo alivyofanya, kwa adabu, kama alivyofanya maelfu ya mara. Kipande kilikuwa kidogo. Moto ulizimika chini ya kiganja chake.

Ponnamma aliinamisha kichwa. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

"Kuna karatasi ndogo tu," daktari alisema, akampa Velu kalamu. "Ya chama."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mzima. Velu aliacha shule darasa la sita na alisoma polepole, mdomo ukicheza. Alisoma mstari wa kwanza. Akamwona daktari anatazama saa, halafu anatazama pembeni ili asionekane ameitazama. Velu aliona haya. Akatia sahihi.

"Ungesoma yote," Jasumati alimwambia baadaye.

"Mbele ya daktari? Nitembeze kidole chini ya maneno kama mtoto?"

"Ungenipa mimi."

"Hilo ndilo lingekuwa zuri zaidi, eh? Mke asome."

*

Wakamchukua Mariyamman kwa gari la daktari siku ya Jumapili. Jumanne familia ikahamia ghorofa ya tisa. Wiki nne Ponnamma hakuitwa. Daktari alituma neno: ujenzi unaendelea, kuna vumbi, Mama apumzike.

Shemsa, mwanamke wa Unguja aliyekuwa jirani yao kule Balsall Heath, alipewa nyumba ghorofa ya saba. Alipanda kuwaona, akachungulia vyumba vyote.

"Shoga, na yule bi mkubwa wenu mwenye meno yuko wapi?"

"Kapata nyumba Moseley," Jasumati alisema.

"Moseley! Sisi tumo humu kwenye makabati, yeye kaenda kwa wenye bustani? Wallahi huyo mungu ana bahati kuliko wanaomwabudu."

Ponnamma alicheka siku ile. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Siku ya kufungua aliamka saa tisa usiku kupika uji. Ulezi ulitoka Tanga kwa posta. Aliupika ukawa mzito, akautia mtindi na vitunguu vidogo, akaijaza sufuria kubwa ambayo Velu aliibeba mapajani ndani ya basi, watu wakimtazama. Ponnamma alivaa sari ya njano. Mkononi alishika chombo chake cha shaba cha kumwagia maji.

Kanisa lilikuwa limepakwa rangi nyeupe. Ndani kulikuwa na zulia jekundu kutoka mlangoni mpaka mwisho, na mwisho kulikuwa na jukwaa la marumaru, na mbele ya jukwaa kamba ya bluu kama za benki. Watu walikuwa wengi, madaktari na wake zao, wahandisi, Wazungu wawili wa halmashauri waliovishwa mashada ya maua. Ponnamma alitembea juu ya zulia akiwa peku, akimtafuta.

Hakumwona. Juu ya marumaru alisimama mwanamke mdogo wa fedha, amevaa hariri ya kijani, mdomo umefungwa, anatabasamu. Ilimchukua muda kuelewa. Walikuwa wamemtengenezea Mariyamman uso wa fedha na kumvalisha juu ya uso wake. Meno hayakuonekana. Macho ya zamani hayakuonekana. Ndimu hazikuwepo.

"Udongo uko wapi?" alimwuliza Jasumati kwa sauti ndogo.

"Sijui, Mama."

Ponnamma aliinua kamba. Kuhani, kijana mnene mwenye uzi mweupe begani, alama ya tabaka la makuhani, aliinua kiganja. Alisema naye kwa Kitamili, kwa heshima, na kwa haraka. Alimwuliza anatoka kijiji gani. Ponnamma alikitaja. Kuhani alikijua. Mji wa mama yake ulikuwa maili kumi kutoka pale. Alimgeukia mke wa daktari, akamnong'oneza neno moja, na mke wa daktari akashusha macho kwenye sari yake mwenyewe, kama vile imeguswa na kitu.

Neno hilo lilimfikia Jasumati, naye alilijua, maana Velu alimwambia kabla hawajaoana ili asije akaambiwa na wengine. Kule kijijini, nyumba ya mkono wa maji ilikuwa nyumba ya madobi, watu wa tabaka la chini. Mariyamman wa mashambani hakutaka watu wa uzi mweupe. Alitaka watu waliofua nguo za wagonjwa wa ndui, ambao hawakuogopa usaha. Na baba yake Velu, Tanga, alikuwa dobi wa Wazungu wa mkonge.

Daktari alikuja akitabasamu, huku jicho moja likiwa kwa Wazungu wa halmashauri.

"Mama, karibu. Mtakaa pale pembeni, mtaona vizuri."

"Mkono," alisema Ponnamma.

"Samahani?"

"Mkono wa maji. Uliapa."

"Mama, sasa hili ni hekalu la watu wote. Kuna utaratibu. Kuhani amesomea miaka kumi na miwili."

"Uliizima kafuri kwa kiganja chako mbele yake!"

"Kafuri gani?" daktari aliuliza. Alikuwa anauliza kweli. Hakukumbuka kafuri yoyote.

Velu aliweka sufuria ya uji juu ya zulia. "Daktari, ulituahidi. Mimi nilikuwepo."

"Bwana Velu, ulitia sahihi. Imeandikwa: bila masharti." Alimshika bega. "Tusiongee hapa. Na hiyo sufuria, tafadhali, zulia ni la kuazima. Mpelekee mke wangu jikoni."

Mke wa daktari alifunua kifuniko, akanusa. "Mtindi? Na vitunguu vibichi? Hapa hatuingizi vitunguu." Aliifunika. "Lakini asante, mmejisumbua."

Uji haukugawiwa. Wageni walikula wali wa limau na peremende za maziwa. Familia ya Velu ilisimama pembeni, nyuma ya nguzo, na kuhani akamwogesha yule mwanamke wa fedha kwa maziwa, kisha asali, kisha maji ya waridi. Ponnamma alitazama mikono ya kuhani, wala hakulia. Kila maji yalipomwagwa, mkono wake wa kulia ulisogea kidogo, wenyewe, kama mguu wa mbwa anayeota.

Walirudi na sufuria imejaa. Basi lilipokata kona uji ulimwagikia suruali ya Velu.

*

Siku tatu Ponnamma hakula. Siku ya nne Velu alitoka kazini na, badala ya kwenda nyumbani, akapanda basi la Edgbaston. Alikuwa amejiandaa kusema maneno makubwa. Nyumba ya daktari ilikuwa na kokoto mlangoni zilizolia chini ya buti zake, na kabla hajafika kwenye kengele, nusu ya maneno ilishampotea.

Daktari alimpokea pale pale kibarazani. Hakumkaribisha ndani. Labda ni kwa sababu ya buti.

"Mama hali chakula," Velu alisema. "Mrudishe Mariyamman, au mpe Mama mkono. Ijumaa moja tu kwa mwezi. Asubuhi, watu wakiwa hawapo."

"Nimelifikiria sana," alisema daktari, na alikuwa amelifikiria. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumtukana. "Kuhani hawezi kukubali. Akiondoka, tumekwisha. Lakini iko huduma moja, Bwana Velu, na ni huduma kubwa. Nguo za mungu. Kila Ijumaa anabadilishwa. Haziwezi kutiwa kwenye mashine. Kuhani anasema nguo za Mariyamman kwa desturi hufuliwa na... na watu wa kwenu. Mama angekuwa na nafasi yake. Tutamlipa."

Velu alimtazama. Miaka kumi na mitano ya chuma, na vidole viwili vimepinda, na kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni.

"Mama yangu si dobi wenu," alisema.

"Sikutumia neno hilo."

"Hukulitumia. Umelizunguka tu."

Aliondoka. Kokoto zililia tena. Basi lilichelewa, na mvua ikanyesha.

*

Hakukusudia kusema. Lakini Jasumati alimwuliza alikuwa wapi, na hasira ikatoka yote, sebuleni, kwa sauti ya kusikika ghorofa ya saba.

"Tutamlipa, anasema! Nimesafiri nusu ya dunia nisikie hilo! Tanga walisema mtoto wa dobi, nikasema nitakwenda mahali wasikonijua. Nimekuja mpaka huku kwenye theluji, na wamenijua!"

"Punguza sauti, Mama amelala."

"Sijalala," alisema Ponnamma kutoka mlangoni. Siku nne za njaa zilikuwa zimemfanya mdogo. Alishika ukuta. "Nguo zinachukuliwa lini?"

"Mama, nimekataa."

"Sikukuuliza hilo. Nimeuliza lini."

"Hatufui! Husikii? Wanataka kututia mahali petu pale pale!"

"Nasikia vizuri kuliko wewe." Alikaa chini taratibu. "Velu. Uso wake wameufunika. Ardhi wamemnyima. Mkono wameuchukua, na karatasi umeitia sahihi wewe, kwa sababu uliona haya kusoma. Kilichobaki kinachomgusa mwilini ni nguo. Sasa na hiyo unaona haya?"

Velu aliinama, akaanza kufungua kamba za buti.

"Baba yako alifua mashuka ya Wazungu miaka thelathini," Ponnamma aliendelea. "Alifua damu zao na matapishi yao, ukala, ukavaa viatu. Walimdharau na aliwafulia. Mimi nitamfulia Mariyamman nione aibu? Aibu ni ya nani hapo?"

"Yetu, Mama," Velu alisema. "Yetu. Wao wanastarehe."

"Najua." Alimtazama mkwewe. "Jasu, mwanangu. Nipe chakula."

Jasumati alimpa wali na dengu. Alikula wote. Velu hakukaa naye mezani.

Jasumati alipeleka neno kwa daktari, na Ijumaa Ponnamma alikwenda Moseley peke yake kwa basi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, lakini mke wa daktari alikuwa ameacha maagizo. Alipewa bonge la nguo kupitia mlango wa nyuma, ndani ya mfuko wa duka. Hariri ya kijani, yadi sita, iliyoganda maziwa na asali. Alinusa mfuko kabla hajatia saini ya kidole gumba kwenye daftari la nguo.

Jioni Velu alirudi kutoka zamu akakuta mlango wa bafu uko wazi. Mama yake alikuwa amepiga magoti pembeni ya beseni refu la kuogea, mikono imezama mpaka viwiko. Kufua alishafua. Lililokuwa limemshinda ni kukamua. Sari ya yadi sita ikilowa huwa nzito kama mtu, na huhitaji watu wawili, huyu ncha hii, yule ncha ile. Alijaribu kuifunga ncha moja kwenye bomba. Ikafunguka. Akajaribu tena. Maji yalimwagika sakafuni. Hakuita mtu.

Velu alisimama na koti lake. Alitazama ikifunguka mara ya tatu. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaichukua ncha.

"Kushoto," alisema Ponnamma.

"Najua."

Alijua. Hakuwa amekamua nguo tangu akiwa na miaka tisa, uani kwa baba yake, siku aliyoapa kuwa hatarudia. Alidhani amesahau. Lakini mikono iligeuka yenyewe, ikavuta, ikapumzika, ikageuka tena, sawa na ya mama yake, bila kupishana hata mara moja, mpaka hariri ikabaki kama kamba na maji yakaisha. Hilo lilimuuma kuliko kokoto za Edgbaston. Walikuwa hodari sana.

Ponnamma alikunja, hakumshukuru. "Ijumaa," alisema.

Jumatatu Velu alimwomba msimamizi wa kiwanda ambadilishie zamu za Ijumaa. Msimamizi alimwuliza sababu.

"Kazi ya ukoo," alisema Velu, akarudi kwenye tanuru.